Skafu Zilizovuka Mpaka

Mpaka leo nikiona mtu amening'iniza mkono kwenye kitambaa, macho yangu hayaendi usoni kwake. Yanaenda shingoni, kulitafuta fundo. Nikikuta limekaa juu ya uti wa mgongo, likimchoma mwenyewe kila akigeuza kichwa, nakasirika hata kama simjui. Watoto wangu wamenizoea. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya benki nilimgusa mzee wa watu begani, nikamwomba ruhusa, nikalifungua fundo lake na kulifunga upya pembeni, juu ya mtulinga. Binti yangu alijifanya hanijui. Yule mzee alinyoosha shingo, akashukuru, akaniuliza kama mimi ni nesi. Nikamwambia hapana, nilikuwa skauti Malaba.

Ilikuwa miaka ya sabini. Shule yetu ya msingi ilikuwa nyuma kidogo ya barabara kuu, na ukiwa darasani ulisikia malori yakibadilisha gia yakiikaribia forodha. Kikosi cha skauti wasichana kilikuwa kidogo, wasichana wa darasa la tano na la sita tu, na mimi nilikuwa kiongozi wao kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa. Tulivaa gauni la samawati, mshipi, na skafu ya manjano shingoni. Watu walidhani ile skafu ni urembo. Kumbe ukiifungua ilikuwa kitambaa kipana cha pembetatu, kilichokatwa makusudi kiweze kubeba mkono uliovunjika au kufunga kichwa kilichopasuka. Ziliagizwa kutoka Nairobi na kuzingoja kulichukua muhula mzima, kwa hiyo kila msichana alikuwa na moja tu, akiifua Ijumaa na kuilaza chini ya godoro ili inyooke.

Beji, hata hivyo, hatukuwa nayo hata moja. Mikono ya magauni yetu ilikuwa mitupu. Mwaka uliotangulia mtahini alikuja kutoka Kakamega kutupima kwa beji ya huduma ya kwanza, tukajiaibisha. Tulikuwa tumezoea kufungana sisi kwa sisi huku tukitekenyana na kucheka. Mgonjwa wangu, ambaye kwa amri ya mtahini alikuwa amevunjika mguu vibaya sana, aliona kiu, akainuka, akaenda bombani kunywa maji, akarudi na kulala tena pale pale. Mtahini alifunika kalamu yake na kuitia mkobani.

Baada ya hapo mwalimu mkuu alitutangazia hukumu yetu mbele ya shule nzima. Alikuwa mtu wa mavuno. Shamba la shule la pamba na mihogo ndilo lililompa usingizi. Alisema mtahini atarudi mwaka ujao, na kama wasichana hawa hawatapata hata beji moja, kikosi kitavunjwa, sare zitarudi stoo, na Jumamosi zao zitakuwa za jembe. Wavulana walicheka. Mimi nilikuwa na hasira za karibu siku hizo, na nilisimama pale mstarini nikiwaza nimpige nani kwanza.

Mwaka huo ndipo alipoletwa mwalimu mpya wa darasa la sita, msichana kutoka Ukambani, mfupi, mwembamba, anayetembea kana kwamba ardhi inamwunguza. Alipewa kikosi chetu kwa sababu walimu wengine walikikataa. Jumamosi ya kwanza alikuja amevaa sare yake mwenyewe ya zamani, na sote tukakodoa macho. Mkono wa gauni lake ulikuwa umejaa beji kutoka begani hadi karibu na kiwiko: ya kuogelea, ya kupika nje, ya kusoma ramani, na nyingine ambazo hatukujua ni za nini. Hakuzitaja hata kidogo. Alituambia tulale chini na kufumba macho.

Tukalala kwenye vumbi la uwanja, tukibana vicheko. Bila kusema neno akamshika mmoja wetu mkono na kuuinua ghafla. Akaenda kwa mwingine, akamvuta mguu. Mimi nilishikwa kichwa. Mikono ya baridi ilitokea tu kusikojulikana ikanigeuza shingo, na nikapiga kelele kabla sijajua ni yeye. Halafu akarudia. Safari hii, kabla ya kunigusa, alisema karibu na sikio langu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nitashika kichwa chako sasa. Nitakigeuza upande wa kulia, polepole." Mikono ilikuwa ile ile, na baridi ile ile, lakini mwili wangu ulitulia wenyewe.

"Sasa mnajua," alisema tulipofumbua macho. "Mgonjwa hajui unataka kumfanya nini. Mwambie kwanza, ndiyo umguse."

Nimekaa madarasani miaka mingi tangu siku hiyo, nimesikiliza watu wenye vyeo, na bado sijafundishwa jambo kubwa hivyo kwa maneno machache hivyo. Nililipenda somo lile papo hapo, na mwalimu mwenyewe nikampenda kwa namna ya mtoto, yaani nilianza kutembea haraka kama yeye.

Tatizo lililobaki ni kicheko. Mwalimu alisema rafiki yako hawezi kuwa mgonjwa wako, kwa sababu unajua mkono wake ni mzima na yeye anajua unajua. Tulihitaji watu wazima, wazito, tusiowafahamu. Na Malaba watu wa aina hiyo walikuwa wamejipanga barabarani kutwa. Malori ya kwenda Uganda, yenye chumvi na saruji na mabati, yalikaa kwenye foleni siku nyingi, mawakala wakikimbia na makaratasi kwenda forodhani na kurudi. Ng'ambo walikuwa wanatawala wanajeshi, na mpaka uliweza kufungwa asubuhi na kufunguliwa mchana bila mtu yeyote kuambiwa sababu. Madereva walilala chini ya malori. Mataniboi, wale wasaidizi wao wa kufunga turubai na kuweka mawe kwenye magurudumu, walicheza karata mpaka picha za karata zikafutika.

Ukisema leo kwamba mwalimu aliwapeleka wasichana wa shule kwenye foleni ya malori, watu watashika vichwa. Hata wakati ule walishika. Lakini yeye alianza kwa mama zetu, nyumba kwa nyumba, na kwa mama yangu alikaa zaidi kwa sababu mama alikuwa na kibanda cha chai kando ya foleni ile ile. Mama hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alimsikiliza huku akipepeta mtama, wala hakuinua kichwa mpaka mwalimu alipomaliza.

"Mwalimu, wafanyie hapo karibu na moto yangu, mchana," alisema. "Mwanaume akileta mchezo, hii mwiko yangu ataijua."

Hivyo ndivyo hospitali yetu ilivyofunguliwa, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya chai. Wagonjwa wengi walikuwa ovyo. Mmoja alilala fofofo tukimfunga. Mwingine alitaka kuchagua msichana wa kumfunga, na kabla mwalimu hajafungua kinywa mama alikuwa ameshainuka na mwiko wake, na yule bwana akapona ghafla akaenda zake. Lakini wote walikuwa wazito, na hilo lilitufaa. Mkono wa mtu anayebeba magunia si kama wa msichana wa darasa la sita. Ukiuinua bila kuushikilia kiwiko unakuponyoka, na mwenyewe anakuambia kwa lugha ya barabarani.

Mgonjwa wetu bora alikuwa taniboi wa lori la chumvi, mtu mwenye mvi kidevuni na wajukuu kwao Namboboto. Dereva wake, mtu mnene wa Nakuru ambaye kwa umri angekuwa mwanawe, alimwita "boi" na basi. Boi, leta maji. Boi, angalia tairi. Mzee alikwenda. Lakini akija kwetu alikuja na heshima zake. Kila lori lao lilipokuwa upande wetu siku ya Jumamosi alifika na ugonjwa wake tayari, ameufikiria njiani.

"Leo nimeanguka kutoka juu ya turubai," alimwambia mwalimu akijilaza kwenye gunia. "Mkono ya kushoto imevunjika, na kichwa inazunguka."

Kisha alianza kuugua kwa bidii mpaka wapita njia wakasimama kuuliza lori lililomgonga liko wapi. Wala hakucheka hata mara moja. Ukimgusa kabla ya kumwambia, alifumbua jicho moja. "Aa-aa," alisema. "Mwalimu alisema nini?" Nilikuwa naona aibu kuliko kama nimekosea mbele ya mwalimu mwenyewe, kisha naanza upya: mzee, nitashika kiwiko chako sasa. Naye alifumba lile jicho na kuendelea kuugua.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, mpaka ulikuwa umefungwa tangu katikati ya wiki, na foleni ilipita kibanda cha mama ikaenda mbali. Mwalimu alitupa kazi kubwa ya kumalizia: mtu ameanguka kutoka kwenye lori, ameumia kila mahali. Yeye akavuka barabara kwenda kwa seremala kuchukua miti ya machela, akatuachia mzee. Tulifanya kazi kimya. Skafu moja mkononi, moja kichwani, na zote zilizobaki mguuni, tukifunga vibao kutoka pajani hadi kifundoni. Mafundo yalilala bapa kama alivyotufundisha, kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Nilirudi nyuma hatua moja nikaitazama kazi ile, na nikajisikia mtu mkubwa sana.

Ndipo wakala mmoja akatokea mbio, akipunga makaratasi. "Wamefungua," alipiga kelele akipita. "Songa, songa, wamefungua." Injini ziliwaka mstari mzima. Lori lililozubaa kwenye foleni ile lilipitwa, na likishapitwa liliweza kungoja wiki nyingine. Dereva wa Nakuru alipiga honi, akachungulia dirishani.

"Boi, uko wapi?"

"Niko hospitali, boss," mzee alijibu kutoka kwenye gunia.

Wasichana walianza kuvuta mafundo. Fundo lile hufunguka kwa urahisi ukitulia, lakini vidole vyetu havikutulia, na kila tulipovuta lilizidi kukaza. Malori ya mbele yalianza kusogea. Nikaamua. Wengine mpaka leo wananilaumu kwa utani tukikutana, na mpaka leo nawajibu kwamba niliamua sawasawa.

"Acheni mafundo," niliwaambia. "Mbebeni."

Tukajipanga, mikono chini ya gunia. "Mzee, tutakuinua sasa," nikasema. "Sawa, mwanangu," akajibu. Tukainuka pamoja, tukatembea pamoja, miguu yake ikitangulia, tukamfikisha kwenye mlango wa lori, tukamgeuza kichwa mbele, na dereva akamvutia ndani kwa makwapa huku akitukana serikali zote mbili. Mguu wenye vibao haukukunjika, kwa hiyo ulibaki umetokeza dirishani kama mti wa bendera. Hatukuwahi kumbeba mgonjwa vizuri namna ile. Lori likasogea, likavuka.

Mama alicheka hadi akakaa chini. Alijifuta machozi kwa leso, akacheka tena, kisha akatutazama.

"Na hizo vitambaa zenu?" akauliza.

Kila msichana akashika shingo yake.

Mwalimu aliporudi na miti begani alitukuta tunalia. Mimi nililia kwa hasira, nikamweleza yote kwa mpigo mmoja, kisha nikangoja kupigwa, maana walimu wa siku hizo walipiga. Aliiweka miti chini.

"Mlipomwinua, alilia?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Ulimwambia kwanza?"

"Nilimwambia."

"Basi," alisema. Mmoja wetu, kwa kwikwi, akasema tungechukua kisu cha mama tukazikata zile skafu, afadhali tungebaki na vipande. Mwalimu alimgeukia. "Mgonjwa havuliwi bandeji ili wewe upendeze," akamwambia, wala hakuwa mkali. Lakini nilimwona akiiangalia barabara ya forodhani, na uso wake ulikuwa umebadilika. Sote tuliijua sheria. Skauti asiye na skafu hayuko kwenye sare, na asiye kwenye sare hapimwi. Mtahini alikuwa anakuja Jumamosi iliyofuata, na hapakuwa na duka la Busia wala Bungoma lililouza kitambaa kile.

Wiki ile yote, kengele ya jioni ikilia, mwalimu alikwenda barabarani. Alisimama kando ya foleni na kumpa kila dereva anayevuka ujumbe ule ule: mwambieni mzee wa lori la chumvi alete skafu kabla ya Jumamosi. Madereva walimcheka mwanzoni. Kufikia Jumatano walikuwa wanamletea habari bila kuulizwa. Mmoja alisema wanajeshi wa kizuizi cha barabarani walimwona mzee na bandeji zake wakadhani ni mgonjwa mahututi, wakaliachia lori lipite bila kulikagua. Mama mmoja muuza ndizi kutoka ng'ambo alimwambia kwa heshima ya Kiganda, "Nnyabo, huyo muzee nimemuona Jinja. Ametoa hizo vitambaa zote, amekunja kwa karatasi, ameficha chini ya kiti. Anasema ni mali ya watoto." Ijumaa dereva wa mwisho alisema lori linarudi, litafika asubuhi.

Asubuhi ilifika, lori halikufika. Tulisimama mstarini uwanjani, magauni yamepigwa pasi, shingo wazi, mwalimu wetu peke yake akiwa na skafu. Mtahini alikuwa mama mrefu mwenye kofia, yule yule wa mwaka uliopita, na mwalimu mkuu alitembea nyuma yake mikono mgongoni. Alianza na mimi.

"Skafu yako iko wapi?"

"Iko na mgonjwa, mama."

"Mgonjwa gani?"

"Yuko Uganda."

Mwalimu mkuu alikohoa. Mtahini akaenda kwa wa pili, akajibiwa iko na mgonjwa. Kwa wa tatu, iko na mgonjwa. Alipofika mwisho wa mstari alimgeukia mwalimu wetu. "Hawa watoto wananifanyia mzaha?" aliuliza. Mwalimu akamweleza kisa chote, wazi, bila kujitetea. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Nilimwona akiuma mdomo, na nadhani alitamani kucheka. Lakini alisema kuna shule alizozikatalia kwa kosa kama hilo, na akitupima sisi atawaambia nini wale. Akafunika kalamu yake, vilevile kama mwaka uliopita.

"Jumatatu sare zote stoo," mwalimu mkuu alitutangazia, na tayari alikuwa anaangalia upande wa mihogo.

Sikutaka kulia mbele yake. Mwalimu wetu alisogea karibu na mtahini. "Mama, basi la Kakamega bado," akamwambia. "Karibu unywe chai kabla ya safari. Watoto watakubebea mkoba."

Nilijua anachofanya, na mama yangu kibandani naye alijua mara tu alipotuona tunakuja. Ile chai ilipikwa polepole kuliko chai yoyote niliyowahi kuona. Kwanza kuni zilikuwa mbichi. Halafu mama akasema, "Ngoja kidogo, mama, maziwa inakuja." Maziwa yalikuwa chini ya benchi, niliyaona. Mwalimu alisimama akitazama barabara. Mtahini alitazama saa yake, akatazama tena, na hatimaye akanywa chai ya rangi, akasimama, akaomba mkoba wake.

Ndipo lile lori likatokea upande wa forodha. Lilikuja tupu, taratibu mno, likikwepa kila shimo. Kwenye usukani alikaa mzee, ameketi wima, macho mbele. Kando yake alikuwa dereva wa Nakuru, macho amefumba, uso umepauka, mkono wake umelazwa kifuani ndani ya kitambaa cha manjano. Mzee alisimamisha lori mbele ya kibanda, akashuka.

"Mwalimu, nimechelewa," alisema. "Skafu zilikuwa safi kabisa, nilikuwa naleta. Lakini asubuhi hii karibu na Tororo huyu ameteleza akipanda juu ya lori. Mkono, na mguu pia, zote nimemfunga nazo. Amekataa kulazwa ng'ambo, anataka upande wake."

Mtahini alikuwa ameshapanda kidato cha lori. Aliangalia vidole vya dereva kama vimekuwa na rangi mbaya. Aliangalia kiwiko. Alipeleka mkono nyuma ya shingo akalitafuta fundo, na lilikuwa pembeni, juu ya mtulinga, limelala bapa.

"Nani amefunga huu mkono?"

Dereva alifumbua macho. "Mzee," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. "Mzee ndiye amenifunga. Alikuwa ananiambia kila kitu kabla ashike. Boss, sasa nainua kiwiko. Boss, sasa napitisha kitambaa nyuma ya shingo. Mpaka nikaacha kuogopa."

Mtahini alimgeukia mzee. "Na wewe, nani alikufundisha?"

Mzee alishangaa kuulizwa. "Si hawa," akasema, akituonyesha kwa kidevu. "Mimi ni mgonjwa wao."

Mwalimu wetu aligeuka haraka akaangalia kibanda, na mama akampa leso bila kumtazama. Mtahini alishuka chini, akasimama mbele yangu.

"Kiongozi," alisema, "mtu huyu anatakiwa kufika zahanati. Unangoja nini?"

Tulileta machela kutoka kibandani. Msichana mmoja alininong'oneza kwamba tuombe zile skafu kwanza, mtahini bado yupo. Nilimjibu kwa sauti, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeogopa, "Mgonjwa havuliwi bandeji ili wewe upendeze." Nikapanda lorini. "Baba," nilimwambia dereva, "nitaweka mkono wangu chini ya kiwiko chako sasa. Wenzangu watashika miguu. Tutakushusha polepole." Alikuwa mzito, na safari hii hakuna aliyekuwa akiigiza. Jasho lake lilininyeshea mkononi. Tulimtelemsha, tukamlaza, tukainuka pamoja, tukashika njia ya zahanati, mzee akitembea kando ya machela na mtahini nyuma yetu, kofia mkononi. Basi lilipita likatupigia honi. Hakuligeukia.

Zahanati ilikuwa ya vyumba viwili. Tabibu alikata shati la dereva, akafungua skafu zetu moja moja na kuzitupa benchini, nyeusi kwa grisi na vumbi. Alisema mkono ulishikiliwa vizuri, mifupa haikusogea. Lakini alipotaka kuuning'iniza upya, kabati lake lilikuwa tupu, na vile vyetu hakuvitaka tena kwa uchafu. Aliuliza kama kuna kitambaa safi. Mwalimu wetu alivua skafu yake, iliyopigwa pasi ikakunjwa kwa mkunjo mmoja tu, akampa.

Mtahini alituambia tuzichukue zetu kutoka benchini na kujipanga varandani. Tukazivaa vilevile, zikinuka dizeli na chumvi na jasho la watu wazima. Alisema mtihani wa beji tumeshaufanya, imebaki sare tu, kisha akaanza ukaguzi aliokuwa ameukatisha asubuhi. Mbele yangu alisimama, akanyoosha ncha ya skafu yangu iliyokuwa na doa kubwa la oili, akasema, "Sawa." Akaenda kwa wa pili, sawa. Kwa wa tatu, sawa. Alikagua mstari mzima namna hiyo, bila haraka, mpaka akafika mwisho, ambapo mwalimu wetu alikuwa amesimama na sisi.

"Mwalimu," alisema, "skafu yako iko wapi?"

Mwalimu alishika shingo yake, kama sisi tulivyoshika zetu siku ile. Alikuwa amesahau.

"Iko na mgonjwa, mama," akasema.

Yule mama mrefu alivaa kofia yake, akabana visigino, akampigia saluti, mkubwa kwa mdogo. Aliushikilia mkono pale juu mpaka mwalimu wetu alipokumbuka kujibu.

Jumatatu hakuna aliyerudisha sare stoo.